Kabla hujasaini ofa ya NP: namna ya kujua utalipwa nini hasa Marekani

Mwongozo huu nawaandikia manesi wetu walioko Marekani, hasa waliopanda ile ngazi tunayoijua wote: ukaanza CNA (msaidizi wa nesi), ukawa LPN (nesi wa ngazi ya kwanza ya leseni), ukawa RN (muuguzi aliyesajiliwa), na sasa umemaliza masomo ya muuguzi mtabibu, yaani NP, au umebakiza muhula. Minneapolis, Dallas, Seattle, Lowell, Atlanta, kote huko wapo. Wamesoma huku wakifanya zamu za usiku, wamelea watoto, na pesa za nyumbani hazikukatika. Kisha ofa ya kwanza inafika na tarakimu sita, mtu anamshukuru Mungu na kusaini siku hiyohiyo. Wengi hupunjwa papo hapo, tena bila mwajiri kuvunja sheria yoyote, kwa sababu barua ya ofa hutaja namba moja tu na namba hiyo haielezi hata nusu ya malipo.

Ombi langu kabla hatujaanza: usiipige hiyo namba kwa shilingi. Dola 118,000 ni zaidi ya shilingi milioni 15 za Kenya, na ukishaiona tarakimu hiyo kwenye simu yako akili inafunga hesabu. Kodi ya nyumba, bima na mkopo wa shule utavilipa kwa dola. Pima kwa dola.

Hatua ya 1: Tafuta namba za kulinganishia

Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani, BLS, hutoa mishahara ya kila kazi mwaka hadi mwaka. Kwa Mei 2024, mshahara wa katikati wa NP ulikuwa dola 129,210 kwa mwaka, maana yake nusu ya NP walipata zaidi ya hapo na nusu wakapata chini yake. RN kwa kipimo hichohicho alikuwa dola 93,600. Nesi wa usingizi, CRNA, alikuwa dola 223,210, na mara nyingi namba hii ndiyo inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba ni ya NP. Ile ni kazi nyingine yenye shule yake na mtihani wake. Mtu akikutajia laki mbili, muulize kwanza anazungumzia nani.

La maana zaidi kuliko katikati ni upana. Takwimu za Mei 2023 zinaonyesha kwamba asilimia 10 ya NP waliokuwa chini walipata kama dola 94,500 au pungufu, na asilimia 10 waliokuwa juu walipata kama dola 168,000 au zaidi. Hao wote wana leseni za aina moja. Pengo la zaidi ya dola 70,000 halitokani na akili wala uchapakazi peke yake. Linatokana na mambo ambayo mengi unaweza kuyaona kabla hujasaini.

Namba za BLS zikishakupa picha, shuka hadi mjini kwako. Majimbo kadhaa sasa yanamlazimisha mwajiri kuandika kiwango cha mshahara kwenye tangazo la kazi: Colorado tangu 2021, California, Washington na New York tangu 2023, Minnesota na Illinois tangu Januari 2025. Fungua matangazo kumi ya fani yako ndani ya maili 30, uandike kiwango cha chini na cha juu cha kila moja. Jioni moja inatosha, na ukimaliza utakuwa na ushahidi ambao ofisi ya ajira haiwezi kuupuuza.

Kisha uliza watu. Najua kwetu kumuuliza mtu mshahara wake ni kumkosea adabu, na hata nisingekushauri uulize hivyo. Uliza hivi: “Dada, NP mpya wa family (anayetibu watu wa rika zote) hapa mjini akipewa ofa, ni kiasi gani ukikisikia utamwambia akatae?” Atakujibu bila kutaja chake. Ujue pia kwamba sheria ya shirikisho ya mahusiano ya kazi, iliyopo tangu 1935, inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanapozungumza juu ya mishahara yao. Usiri huu ni desturi tu, na faida yake yote inaenda kwa mwajiri.

Hatua ya 2: Lisome jimbo

California inaongoza. Wastani wa NP huko, kwa takwimu za Mei 2023, ulikuwa kama dola 161,500. Tennessee na Alabama ziko upande wa mwisho wa orodha. Lakini kuna namba moja ya California ambayo kila RN anayefikiria kurudi shule angepaswa kuiona: mwaka huohuo wastani wa RN wa California ulikuwa kama dola 137,700, wakati wastani wa NP kwa nchi nzima ulikuwa kama dola 128,500. RN wa Sacramento mwenye chama cha wafanyakazi nyuma yake anaweza kumpita NP wa Nashville aliyesoma miaka mitatu zaidi. Kwa hiyo swali la “NP hulipwa ngapi” halina jibu mpaka useme wapi.

Toa kodi ya jimbo kwenye hesabu. Texas, Florida, Tennessee, Nevada na Washington hazitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara. California na Minnesota zinatoza, na si kidogo. Halafu toa nyumba. Ukishatoa vyote viwili, Texas inaweza kuisogelea California kuliko ulivyodhani, na mji mdogo wa Washington unaweza kuzipita zote mbili.

Jambo la tatu kwenye jimbo ni sheria ya kutibu. Zaidi ya nusu ya majimbo yanampa NP mamlaka kamili: anapima, anatambua ugonjwa, anaandika dawa, bila mkataba na daktari. Minnesota ilifika huko 2015, Massachusetts mwaka 2021. California ilipitisha sheria yake 2020, na tangu 2023 imekuwa ikifungua mlango huo kwa ngazi. Texas, Georgia na Tennessee bado zinataka daktari awepo kwenye makaratasi. Hilo linaingiaje mfukoni? Kwa mwajiriwa wa hospitali kubwa, athari haionekani moja kwa moja, maana daktari yupo tayari na hospitali ndiyo inamlipa. Kwa anayeota kufungua kliniki yake, athari ni kubwa: kwenye jimbo lenye masharti utamlipa daktari kila mwezi ili jina lake liwe kwenye mkataba, hata kama hajamwona mgonjwa wako hata mmoja. Ndoto yako ikiwa ni kliniki, chagua jimbo mapema kuliko unavyochagua nyumba.

Hatua ya 3: Geuza mshahara kuwa saa

Hapa nataka twende polepole, kwa sababu hii ndiyo hesabu inayowashangaza watu.

Chukua ofa ya dola 118,000 kwa mwaka, saa 40 kwa wiki. Saa 40 mara wiki 52 ni saa 2,080. Gawanya, unapata kama dola 56.70 kwa saa. Nzuri. Sasa tazama siku yenyewe ilivyo. Wagonjwa 18, wa mwisho anaingia saa kumi na nusu jioni, na kila mmoja anahitaji noti, yaani maelezo ya matibabu yake. Kuna majibu ya maabara, kuna jumbe za wagonjwa kwenye mfumo, kuna maombi ya dawa kuongezwa, kuna kampuni ya bima inayotaka uthibitishe kwa nini umeandika dawa hii na si ile. Unafika nyumbani, watoto wanalala, unafungua kompyuta. NP wengi wapya humalizia chati nyumbani, na si ajabu ikawa saa mbili kila siku ya kazi. Hizo ni saa kumi kwa wiki. Saa 50 mara 52 ni 2,600. Gawanya tena: kama dola 45.40 kwa saa.

Mlinganishe na RN. Tuseme alikuwa analipwa dola 46 kwa saa. Zamu tatu za saa 12 kila wiki, na ya nne akiongeza. Saa 40 za kwanza ni dola 1,840. Saa nane zilizobaki analipwa moja na nusu, dola 69 kila moja, yaani 552. Kwa wiki 2,392. Kwa mwaka mzima 124,384, bado hujahesabu nyongeza ya usiku na wikendi. Huyu RN akitoka zamu ametoka, kompyuta ya kazi haendi nayo nyumbani.

Sababu ya tofauti hii ni ya kisheria. NP wa mshahara wa mwezi huhesabiwa kuwa mtaalamu asiyestahili malipo ya ovataimu, wakati RN wa kulipwa kwa saa anastahili. Ukivuka saa 40 kama RN, mwajiri anaumia. Ukivuka saa 40 kama NP, unaumia wewe.

Simwambii mtu asiende shule. Mgongo wa mtu wa miaka 50 hauwezi kugeuza wagonjwa kitandani saa 48 kwa wiki, na kazi ya NP ina heshima na upeo ambao pesa haiupimi. Ninachosema ni kwamba kabla ya kusaini uulize maswali manne na upate majibu yenye namba: wagonjwa wangapi kwa siku baada ya miezi sita? Dakika ngapi kwa mgonjwa mpya, na ngapi kwa anayerudi? Saa ngapi kwa wiki zimetengwa kwa makaratasi, bila mgonjwa kupangwa? Nani anajibu jumbe nikiwa likizo? Kliniki inayotenga saa nne za makaratasi na kuzilinda kweli inaweza kukufaa kuliko inayokuongezea dola 8,000 na kukupa wagonjwa 24.

Hatua ya 4: Jua kazi yako inaingiza nini

Mwajiri hakulipi kutoka kwenye huruma. Anakulipa kutoka kwenye fedha unazoingiza, na usipojua zinavyohesabiwa utazungumza naye ukiwa gizani.

Kipimo kinachotumika sana ni RVU ya kazi, yaani alama za kupima uzito wa kazi. Kila aina ya huduma ina alama zake. Mgonjwa anayerudi akiwa na shida ndogo huandikwa kwa msimbo 99213 (namba ya huduma inayopelekwa kwa bima), wenye alama 1.30. Mwenye ugumu wa wastani huandikwa 99214, alama 1.92. Mikataba mingi ya NP ina mshahara wa msingi, kisha bonasi kwa kila alama inayozidi lengo fulani.

Tufanye mfano. Unaona wagonjwa 16 kwa siku, siku nne kwa wiki, wiki 46 kwa mwaka. Hizo ni siku 184. Nusu ya wagonjwa ni 99213 na nusu 99214. Kwa siku unapata alama 10.40 na 15.36, jumla 25.76. Kwa mwaka ni kama alama 4,740. Mkataba ukisema bonasi ni dola 30 kwa kila alama inayozidi 4,500, utapata kama dola 7,200. Ukisema lengo ni 5,200, hutapata kitu, na utafanya kazi mwaka mzima ukiifukuzia bonasi usiyoweza kuifikia kwa ratiba waliyokupa wenyewe. Kwa hiyo usiulize tu kama kuna bonasi. Uliza: “Mwaka jana, NP wangapi hapa walilifikia lengo?”

Sasa jambo linalowagharimu watu wetu kuliko mengine. Mgonjwa anakuja, ana kisukari na presha, vyote vimetulia. Sukari iko sawa, presha 128 kwa 78. Unazungumza naye chakula, unamwandikia tena metformin na lisinopril, unamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Nesi wetu, kwa unyenyekevu aliolelewa nao, anaandika 99213, maana “hakukuwa na shida.” Lakini kwa kanuni zinazotumika tangu 2021, magonjwa sugu mawili yaliyotulia pamoja na usimamizi wa dawa za kuandikiwa ni ugumu wa wastani. Hiyo ni 99214. Ulisimamia magonjwa mawili yanayoua watu, ukaamua dawa ziendelee. Huo ni uamuzi wa kitabibu hata kama mgonjwa alitabasamu muda wote.

Rudia hesabu yetu ukiandika wote 99213: alama 20.8 kwa siku, kama 3,830 kwa mwaka. Umepoteza alama zaidi ya 900 kwa wagonjwa walewale, jasho lilelile. Na mwisho wa mwaka unaitwa ofisini unaambiwa uzalishaji wako uko chini. Noti lazima ionyeshe ulichofanya, na kupandisha msimbo bila haki ni udanganyifu wa bima unaoweza kukunyang'anya leseni. Ila kujishusha nako hakumsaidii mtu. Omba mafunzo ya kuandika misimbo mwezi wa kwanza, na omba mtu apitie noti zako 20 akuonyeshe ulikosea wapi.

Kuna mtego mwingine kwenye RVU. Tangu sheria ya bajeti ya 1997, NP anaweza kuidai Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, kwa jina lake mwenyewe, na hulipwa asilimia 85 ya kiwango cha daktari. Lakini kliniki ikitimiza masharti fulani, kwa mfano daktari ndiye aliyemwona mgonjwa kwanza na kupanga matibabu, na yuko tayari kusimamia siku hiyo, inaweza kudai kwa jina la daktari na kulipwa asilimia 100. Kwa kliniki ni nyongeza ya asilimia 15 ya kiwango cha daktari. Kwa wewe inaweza kuwa hasara kamili: kazi umefanya wewe, alama zimeandikwa kwa daktari, na kwenye ripoti ya mwaka unaonekana hukufanya kitu. Uliza waziwazi: wagonjwa wanaodaiwa kwa jina la daktari, alama zao zinahesabiwa kwangu? Jibu likiwa “ndiyo,” liandikwe kwenye mkataba.

Hatua ya 5: Fani, mahali pa kazi na umri wa kazi

NP wengi ni wa family, na wingi huo wenyewe unashusha bei mijini ambako shule zinamwaga wahitimu kila muhula. Afya ya akili hulipa zaidi kwa sababu wahudumu ni wachache kuliko wagonjwa, na kazi nyingi zinaweza kufanywa kwa video. Wagonjwa mahututi na watoto wachanga walio kwenye uangalizi maalumu pia hulipa vizuri, kwa masharti ya zamu za usiku. Watoto kwa jumla hulipa kidogo, kwa kuwa wengi wako kwenye Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, inayolipa chini. Nimeona watu wakikimbilia afya ya akili kwa ajili ya mshahara tu. Kusikiliza huzuni na hasira za watu kutwa nzima ni kazi inayotaka mtu aliyeitiwa. Usipokuwa na wito huo ndani yako, utachoka kabla mkopo haujaisha.

Hospitali na vituo vya wagonjwa wa nje kwa kawaida huzipita ofisi za madaktari binafsi. Vyuo huwa chini, ingawa vina likizo na ada nafuu kwa watoto. Hospitali za VA, za wanajeshi wastaafu, zilitoa mamlaka kamili kwa NP wake kwa kanuni ya Desemba 2016 hata kwenye majimbo yenye masharti, na zina pensheni ya serikali ya shirikisho, kitu ambacho kliniki ya mtaani haina.

Miaka yako ya RN ni suala la kujadiliana. Waajiri wengi humhesabu NP mpya kama mpya hata kama alikaa ICU, wodi ya mahututi, miaka 12. Usiache ipite kimya. Ukiomba kazi ya moyo na ulikuwa nesi wa moyo, iseme hiyo miaka. Udaktari wa uuguzi, DNP, huongeza kidogo kwenye mshahara wa kliniki, mara nyingi si wa kutosha kulipia ada yake. Usome kwa sababu nyingine, kama kufundisha au uongozi.

Kwa aliye bado Nairobi au Dar es Salaam anayesoma hapa: njia huanzia kwenye RN. Vyeti vyako vitakaguliwa, utafanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya RN, na shule nyingi za NP zitataka shahada ya kwanza ya uuguzi, si diploma. Anayekuahidi kukufikisha moja kwa moja kwenye NP anakuuzia kisichokuwepo.

Hatua ya 6: Pitia mkataba kwa kalamu nyekundu

Bima ya makosa ya kitabibu ndiyo ya kwanza. Zipo za aina mbili. Moja inakulinda kwa tukio lolote lililotokea ukiwa kazini, hata mgonjwa akikushtaki miaka mitatu baada ya wewe kuondoka. Nyingine inakulinda tu kama mashtaka yamekuja wakati bima bado hai. Hii ya pili ukiondoka inahitaji bima ya mkia, ya kukulinda na mashtaka yatakayokuja baadaye, na bei yake kwa kawaida ni mara moja na nusu hadi mbili ya malipo ya mwaka, yote kwa mkupuo. Mkataba useme nani analipa mkia. Ukinyamaza, ni wewe.

Kifungu cha kukukataza kufanya kazi jirani ukiondoka ni cha pili. California, North Dakota na Oklahoma haziviruhusu, na Minnesota ilivipiga marufuku kwa mikataba iliyosainiwa kuanzia 1 Julai 2023. Texas, kwa mikataba kuanzia 1 Septemba 2025, imeviwekea mipaka kwa wahudumu wa afya wakiwemo manesi: mwaka mmoja, maili tano. Kwingine soma umbali na muda kwa makini, na upime kwenye ramani. Maili 25 kuzunguka kila tawi la mtandao wa hospitali wenye matawi 30 ni jiji zima. Maana yake ukitaka kuondoka utahamisha watoto shule.

Mengine ni mepesi kuyaomba na watu husahau: ada ya DEA (usajili wa shirikisho wa kuandika dawa zinazodhibitiwa), ambayo ni dola 888 kwa miaka mitatu, pesa na siku za masomo ya kuendeleza leseni, zamu za kuitwa usiku na malipo yake, bonasi ya kusaini, na utairudishaje ukiondoka mapema.

Ukipewa ofa ya 1099, yaani mkandarasi na si mwajiriwa, usidanganyike na bei ya saa. Utalipa mwenyewe asilimia 15.3 ya kipato kwa Social Security (hifadhi ya jamii) na Medicare, upande wako na wa mwajiri, wakati mwajiriwa hukatwa nusu yake tu. Bima ya afya ni juu yako, likizo hakuna, mchango wa mwajiri kwenye 401(k), akiba ya uzeeni, hakuna. Dola 75 kwa saa za 1099 zinaweza kuwa ndogo kuliko dola 60 za mwajiriwa.

Hatua ya 7: Weka deni kwenye hesabu

Mpango wa serikali ya shirikisho uitwao Nurse Corps hulipa asilimia 60 ya deni la masomo ya uuguzi kwa miaka miwili ya kazi kwenye kituo chenye uhaba mkubwa, na mwaka wa tatu unaweza kuongezewa asilimia 25. Wenye green card wanaruhusiwa, si raia peke yao, na watu wetu wengi hawalijui hilo. NHSC, mpango mwingine wa shirikisho wa kulipia deni, ni mzuri pia lakini ni wa raia. Ukifanya kazi kwenye hospitali isiyo ya faida, malipo 120 ya kila mwezi yanayostahili chini ya PSLF, mpango wa msamaha wa mikopo kwa watumishi wa umma na mashirika yasiyo ya faida, yanafuta mkopo wa shirikisho uliobaki. Kwa mwenye deni la dola 90,000, kituo cha vijijini cha dola 112,000 chenye Nurse Corps kinaweza kuizidi ofa ya mjini ya 130,000.

Anayetaka kuanza shule sasa ajue kwamba kuanzia 1 Julai 2026 mkopo wa Grad PLUS, wa serikali kwa wanaosoma shahada za juu, unafungwa kwa wakopaji wapya, na mkopo wa shirikisho kwa shahada za juu za kawaida una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Shule ghali itakusukuma kwenye mikopo ya benki, isiyo na PSLF. Tafuta chuo cha umma cha jimbo lako.

Hatua ya 8: Omba

Ofa ikija, shukuru, kisha omba siku tatu au nne za kuipitia. Hakuna mwajiri wa maana atakayekunyima. Halafu andika barua pepe fupi, yenye ushahidi wa Hatua ya 1, kwa maana hii: “Nimefurahi sana kupata nafasi hii na ningependa kujiunga nanyi. Nimepitia matangazo ya nafasi kama hii mjini hapa, na kiwango ni kati ya 122,000 na 138,000. Kwa uzoefu wangu wa miaka tisa kama RN kwenye wodi ya moyo, naomba tuanzie 130,000. Naomba pia kliniki ilipe bima ya mkia, na saa nne kwa wiki za makaratasi ziandikwe kwenye mkataba.”

Tuma, kisha nyamaza. Usiongeze ujumbe wa pili wa kuomba radhi. Wengi wetu tumefundishwa kwamba kuomba zaidi ya ulichopewa ni kukosa shukrani, na hofu ya kwamba ofa itaondolewa inatusumbua, hasa pale makaratasi ya uhamiaji yanapomtegemea mwajiri. Kwa ombi la heshima lenye namba za soko, jambo la kawaida ni kukutana katikati. Wakisema mshahara hausogei, geukia vinavyosogea: siku za likizo, ratiba ya siku nne, mwaka wa kwanza wenye wagonjwa wachache, mapitio ya mshahara baada ya miezi sita badala ya kumi na miwili.

Chochote walichokubali kwa simu, kitake kwenye karatasi kabla ya saini. Na siku ya 90 ukiwa kazini, omba ripoti yako ya RVU uilinganishe na idadi ya wagonjwa uliowaona mwenyewe. Zisipolingana, uliza wiki hiyohiyo, wakati bado kila mtu anakumbuka nani alimwona nani.